Sleng Teng: Mdundo wa Kinanda Kidogo Ulioigeuza Jamaika

Mwanzoni mwa mwaka 1985, mpiga besi wa Kingston alikuwa mtu wa kutafutwa. Rege ilisimama juu ya nyuzi zake nne, na prodyuza asiyekuwa na mpiga besi mzuri hakuwa na biashara. Mwaka huo ulipokwisha, maprodyuza wengi walikuwa wameacha kumwita. Badala yake walikuwa wakitafuta vinanda vya umeme, mashine za ngoma na kijana mmoja au wawili wanaojua kuvibonyeza. Kilichowageuza ni mdundo mmoja uliotoka katika kinanda cha plastiki kutoka Japani, kilichoundwa kwa ajili ya watu wa kawaida majumbani. Mdundo huo ni Sleng Teng.

Waimbaji na waghani wengi wameuimbia mdundo huu tangu hapo. Lakini ukiuliza ni nani aliyeutengeneza, utapata majina manne ya watu wa nchi mbili waliokuwa mbali kabisa. Historia yake inaonyesha jinsi muziki wa maskini ulivyopata chombo cha bei nafuu, jinsi chombo hicho kilivyowainua wengine na kuwaangusha wengine, na kwa nini swali la nani mwenye mdundo limefika mahakamani.

1967–1974: Mdundo mmoja, sauti nyingi

Huwezi kuelewa Sleng Teng bila kujua desturi iliyoutangulia. Tangu miaka ya 1950, burudani ya watu wa kawaida wa Kingston ilikuwa saundi: kikosi chenye spika kubwa, vikuza sauti, santuri na mtu wa kuzicheza, kinachopiga muziki uwanjani kwa kiingilio. Wenye saundi kubwa, kama Clement “Coxsone” Dodd na Duke Reid, walianza kurekodi nyimbo zao wenyewe ili wawe na kitu ambacho mpinzani hana. Hivyo studio za Jamaika zilizaliwa kuitumikia saundi, na si redio.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Ruddy Redwood, mwenye saundi huko Spanish Town, alikatiwa santuri ya wimbo “On the Beach” wa kundi la The Paragons katika studio ya Duke Reid. Fundi alisahau kuweka sauti za waimbaji. Redwood hakuirudisha. Aliicheza uwanjani vivyo hivyo, na watu wakaimba wenyewe juu ya muziki mtupu. Muda si muda santuri nyingi za Jamaika zikawa na wimbo upande mmoja na mdundo bila sauti upande wa pili.

Upande huo wa pili ulifungua mlango. Mwaka 1970 mghani U-Roy aliingia studio kwa Duke Reid na kughani juu ya midundo ambayo tayari watu waliijua kwa nyimbo nyingine, na santuri zake zikatawala chati za kisiwa. Mwaka 1974 prodyuza Rupie Edwards akatoa albamu nzima, Yamaha Skank, yenye nyimbo tofauti juu ya mdundo mmoja tu, ule wa “My Conversation” wa Slim Smith na kundi la The Uniques. Msomaji aliyezoea kurasa za ushairi katika magazeti ya Kiswahili hatashangaa: malenga mmoja hutoa shairi, mwingine humjibu kwa vina na mizani ile ile, na ustadi hupimwa kwa kile kipya anachokisema ndani ya umbo lile lile.

Desturi hii ilikuwa na sababu ya kiuchumi pia. Bendi ililipwa mara moja kwa kurekodi mdundo, naye prodyuza akauza mdundo huo mara kumi au ishirini kwa sauti mpya. Sheria haikumzuia, kwa kuwa Jamaika iliendelea kutumia sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911 hadi ilipotunga yake mwaka 1993. Midundo ya Studio One, studio ya Dodd, kama “Real Rock” iliyopigwa na Sound Dimension mwaka 1967, ilinakiliwa na kila mtu. Wapigaji wake walibaki na ule ujira wa siku ya kurekodi.

1976–1984: Waterhouse, siasa na gharama ya bendi

Waterhouse ni mtaa wa magharibi mwa Kingston, wa nyumba ndogo na vijana wengi wasio na kazi. Hapo ndipo Osbourne Ruddock, fundi wa redio na vikuza sauti aliyejulikana kama King Tubby, alipogeuza chumba cha nyumbani kuwa studio ya kuchanganya muziki, na kuzaa dabu: mdundo uliovuliwa sauti, ukaongezwa mwangwi, ukakatwa na kurudishwa kwa vidole vya fundi. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Lloyd James, aliyekulia mtaani humo na kuitwa Prince Jammy. Baada ya kukaa Kanada miaka kadhaa, alirudi mwaka 1976, akafanya kazi kwa Tubby, kisha akaanza kutoa muziki wake. Albamu ya kwanza ya kundi la Black Uhuru, mwaka 1977, ilipita mikononi mwake.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Katika uchaguzi wa mwaka 1980 mamia ya watu waliuawa, wengi wao katika mitaa ya maskini iliyogawanywa na wafuasi wa vyama viwili. Mei 1981 Bob Marley alifariki. Kampuni za kigeni zilizokuwa zikitafuta nyota wa rege zikapunguza hamu, na dola ya Jamaika ikazidi kushuka. Muziki ukarudi nyumbani, kwenye saundi. Dancehall, rege ya viwanja vya saundi, ikashamiri, ikiongozwa na waghani kama Yellowman, waliozungumza mambo ya mtaani kwa lugha ya mtaani: mapenzi, mavazi, majigambo, polisi, bangi.

Hata hivyo dancehall ya mwanzo ilipigwa na watu. Bendi ya Roots Radics ndiyo iliyotegemewa, mara nyingi katika studio ya Channel One. Mashine za ngoma zilikuwapo tayari, na mpiga ngoma Sly Dunbar alikuwa akitumia ngoma za umeme, lakini karibu kila mara besi ilibaki mkononi mwa mtu. Kwa prodyuza mdogo, gharama ilikuwa ile ile: kukodi studio kubwa, kulipa wapigaji na kununua tepu. Kijana mwenye sauti nzuri alisubiri foleni ndefu nje ya geti la studio. Huo ndio mfumo uliokuwa unangoja kuvunjika.

1979–1981: Mwanafunzi wa rege huko Japani

Wakati huohuo, maelfu ya kilomita kutoka Waterhouse, msichana wa Kijapani aitwaye Okuda Hiroko alikuwa anasoma katika Chuo cha Muziki cha Kunitachi, karibu na Tokyo. Alikuwa mpenzi wa rege kuliko kawaida. Bob Marley alipofanya ziara ya Japani mwaka 1979, Okuda alikwenda kumwona, na tasnifu yake ya chuo aliiandika kuhusu rege, jambo ambalo ni wachache sana waliokuwa wamelifanya nchini humo.

Mwaka 1980 aliajiriwa na Casio. Kampuni hiyo, iliyojulikana kwa vikokotoo na saa, ndiyo kwanza ilikuwa imeingia katika biashara ya vinanda. Nia yake ilikuwa kumpa mtu asiyejua muziki kitu cha bei nafuu ambacho kingempigia ngoma na besi huku yeye akitafuta tuni kwa vidole viwili. Okuda alipewa kazi ya kutunga midundo ya kinanda kipya, Casio MT-40, kilichotoka mwaka 1981. Kilikuwa na funguo ndogo 37 za tuni na nyingine 15 za besi, spika yake mwenyewe, na kitufe cha kuchagua mtindo wa mdundo.

Miongoni mwa midundo hiyo ulikuwamo ulioitwa “rock”. Okuda amesema kwamba aliutunga akiwa na rekodi ya rock ya Uingereza ya miaka ya 1970 kichwani. Wasikilizaji wengine husikia ndani yake “Somethin’ Else” ya Mmarekani Eddie Cochran, ya mwaka 1959. Lakini mtungaji alikuwa mtu ambaye masikio yake yalikuwa yamelowa rege kwa miaka, na besi aliyoiweka chini ya jina la rock ilikuwa na uzito na nafasi tupu ambazo Mjamaika angezitambua mara moja. Casio haikujua kuwa imeuza mdundo wa rege.

Mwisho wa 1984: Noel Davey na Wayne Smith

MT-40 moja ilifika Waterhouse mikononi mwa Noel Davey, kijana mpiga kinanda aliyekuwa akitamani Yamaha kubwa ya kitaalamu lakini hakuwa na uwezo nayo. Rafiki yake Wayne Smith alikuwa mwimbaji mchanga wa mtaa huohuo, aliyekuwa amekwisha kutoa albamu, Youthman Skanking, chini ya Jammy mwaka 1982. Mwishoni mwa 1984 alikuwa na umri wa miaka 19.

Wawili hao walikuwa wakichezea kinanda, wakijaribu kitufe hiki na kile, ndipo mdundo wa “rock” ulipoanza kuunguruma. Ulikuwa wa kasi, lakini besi ilikuwa imekamilika: ilipanda, ikashuka, ikarudi ilikoanzia bila kuchoka. Smith akaanza kuimba juu yake. Maneno aliyatunga akiwa na nyimbo mbili zilizovuma wakati huo masikioni, moja ya mwimbaji Barrington Levy na nyingine ya Yellowman. Wimbo wake, “Under Me Sleng Teng”, ulisifu bangi na kuikataa kokeini, dawa ambayo ilikuwa imeanza kuingia kwa kasi katika mitaa ya Kingston.

Walipoupeleka kwa Jammy, yeye alifanya jambo la fundi aliyelelewa na King Tubby: hakuongeza mengi. Aliupunguza kasi hadi ukafikia mwendo wa kuchezwa na watu wazima uwanjani, akaweka piano kidogo na mlio wa makofi, akaurekodi. Mdundo uliopatikana ulikuwa mkavu na mzito, bila gitaa na bila ngoma ya ngozi. Kisha, kwa desturi ya kisiwa, akaanza kuwaita waimbaji wake mmoja mmoja waje kuujaribu.

23 Februari 1985: Mpambano wa Waltham Park Road

Jammy alikuwa pia na saundi, Super Power. Jumamosi ya tarehe 23 Februari 1985 ilipambana na saundi ya Black Scorpio katika barabara ya Waltham Park. Katika mpambano wa aina hiyo kila saundi hupiga nyimbo zake kwa zamu, umati ndio mwamuzi, na silaha kuu ni santuri moja ambayo mpinzani hajawahi kuisikia.

Jammy alikuja na Sleng Teng, wimbo juu ya wimbo, sauti tofauti juu ya besi ileile. Mdundo wa mashine ulikuwa na faida ambayo haikuwa imefikiriwa Tokyo: besi yake ilikuwa safi, sawasawa, na ilitikisa spika kubwa kuliko besi nyingi zilizopita katika kipaza sauti na tepu iliyochakaa. Black Scorpio hawakuwa na jibu. Usiku huo uliamua mambo mawili kwa pamoja, mshindi wa mpambano na mwelekeo wa muziki wa nchi. Haikuchukua muda Prince Jammy akaanza kuitwa King Jammy.

1985: Waliouimbia

Umaarufu wa mdundo hauji kwa besi pekee. Huja kwa sababu waimbaji waliopewa besi ileile walitoka nayo kila mmoja kwa njia yake.

Wayne Smith aliimba kwa sauti nyembamba, ya moja kwa moja, karibu kama kijana anayejisemea barazani. Tenor Saw, aliyekuwa na sauti ya kanisani yenye huzuni, akatoa “Pumpkin Belly”, wimbo wa methali na mawaidha, na kuthibitisha kwamba mdundo wa plastiki unaweza kubeba busara ya wazee. Johnny Osbourne, mkongwe aliyetoka Studio One na albamu yake Truths and Rights, akaleta “Buddy Bye”, uliojaa mbwembwe za mpambano wa saundi. Mghani John Wayne akatoa “Call the Police”. Mkongwe na chipukizi wakasimama juu ya jukwaa moja, na kijana asiyekuwa na jina akalinganishwa papo hapo na mtu aliyekuwa akimsikiliza tangu utotoni.

Jammy akazikusanya sauti hizo katika albamu, na kampuni ya Greensleeves ya London ikaueneza mdundo miongoni mwa Wajamaika wa Uingereza. Mwaka 1986 ikatoka albamu ya Wayne Smith yenye jina la mdundo, pamoja na Computerised Dub, ambamo Jammy aliivua midundo yake ya mashine sauti zote na kuiacha besi itawale.

Maprodyuza wengine hawakungoja ruhusa. Waliunakili mdundo au wakatafuta vinanda vyao. King Tubby mwenyewe, mwalimu wa Jammy, alijibu mwaka huohuo kwa mdundo wa “Tempo”, ulioimbiwa na Anthony Red Rose, uliokuwa wa pole na wa giza kuliko Sleng Teng. Winston Riley yeye alijibu kwa kurudi nyuma: alimpa Tenor Saw mdundo wake wa Stalag, uliopigwa na Ansel Collins mwaka 1973, na kutoka hapo ukapatikana “Ring the Alarm”, mojawapo ya nyimbo kubwa za mwaka ule. Mdundo wa watu ulikuwa bado na nguvu, ila sasa ulikuwa uamuzi, si lazima.

1985–1989: Aliyepata na aliyekosa

Matokeo yalikuja haraka. Mdundo ambao jana ulihitaji wapigaji watano na studio ya kukodi, sasa ungeweza kutengenezwa na watu wawili chumbani. Studio ndogo zikachipuka, santuri zikaongezeka, na vijana wengi zaidi wakapata nafasi ya kusikika. Mghani Shabba Ranks, ambaye baadaye angeshinda tuzo za Grammy mwaka 1992 na 1993, alipitia katika uga wa Jammy wakati huo. Fundi wa studio hiyo, Robert Dixon, aliyeitwa Bobby Digital kwa sababu ya ufundi wake wa mashine, aliondoka mwaka 1988 na kuanzisha lebo yake.

Hasara iliwaangukia wapigaji. Wapiga ngoma, besi na tarumbeta walioibeba rege kwa karibu miaka 20 walikosa kazi, wengine wakabaki kutegemea ziara za nje ya nchi. Waliopona ni walioihamia mashine mapema. Mfano bora ni Wycliffe “Steely” Johnson, aliyekuwa mpiga kinanda wa Roots Radics, na Cleveland “Clevie” Browne, mpiga ngoma. Wawili hao wakawa bendi nzima ya Jammy, na midundo yao ikatawala nusu ya pili ya miaka ya 1980. Waliingiza katika mashine kile ambacho mikono yao ilikuwa imejifunza kwa bendi, na ndiyo maana kazi zao zimedumu kuliko za waigaji wengi.

King Tubby hakuona mwisho wa safari hiyo. Aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Februari 1989. Tenor Saw alikuwa amekwisha kufariki Marekani mwaka uliotangulia.

1986 hadi leo: Nani mwenye mdundo?

Okuda alipata habari za Sleng Teng mwaka 1986, kupitia jarida la muziki la Japani lililoandika juu ya mafuriko ya nyimbo za mdundo huo. Alipousikiliza aliitambua kazi yake. Casio haikukimbilia mahakamani. Kwa miaka mingi, wasanii walioomba ruhusa walijibiwa kwamba wanaweza kuutumia bila malipo, mradi waseme sauti imetoka katika MT-40. Okuda mwenyewe aliendelea kufanya kazi Casio kwa zaidi ya miaka 40, na jina lake likaja kujulikana kwa mashabiki wa rege baada ya muda mrefu mno.

Mdundo nao haukukaa Jamaika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kundi la SL2 la London lilichukua sauti ya Wayne Smith na kuiweka katika muziki wa kasi wa kumbi za vijana wa Kiingereza, kupitia “Way in My Brain”. Wayne Smith aliishi New York kwa miaka mingi, akarudi nyumbani, na akafariki Kingston tarehe 17 Februari 2014 akiwa na miaka 48.

Swali la umiliki halikufa. Mwaka 1989 Steely na Clevie walitoa mdundo wao, “Fish Market”, ambao Shabba Ranks aliuimbia “Dem Bow”. Kupitia Panama, New York na Puerto Rico, umbo la mdundo huo likawa uti wa mgongo wa reggaeton, muziki wa dansi wa Kihispania. Steely alifariki mwaka 2009. Mwaka 2021 Clevie na warithi wa mwenzake walifungua kesi Marekani, ambayo baadaye ilipanuliwa hadi kuwagusa zaidi ya wasanii 100 na nyimbo zaidi ya 1,000. Mei 2024 jaji alikataa ombi la kuitupa kesi hiyo. Hoja iliyo mezani ni ileile ambayo Kingston iliikwepa tangu enzi za Studio One: je, mdundo ni mali ya aliyeutunga, au ni kama njia ambayo kila mpita njia ana haki nayo?

Sleng Teng unajibu kwa sehemu tu. Kama Casio ingedai malipo kwa kila wimbo mwaka 1985, studio za Waterhouse zisingemudu, na huenda mapinduzi yale yangefia mlangoni. Uhuru wa kutumia ndio uliozaa utajiri wa sauti. Lakini uhuru huohuo uliwafanya watu wawili wa mwanzo kabisa, Okuda aliyeutunga na Davey aliyekileta kinanda, wawe wa mwisho kutajwa, huku jina la prodyuza likichapwa kwenye kila santuri. Kutumia bila malipo na kutumia bila kutaja si jambo moja. La kwanza liliijenga dancehall. La pili ni dhuluma iliyozoeleka.

Funzo hili linatugusa. Madijei wa Nairobi, Mombasa na Kampala wamekuwa wakiunganisha nyimbo za mdundo mmoja kwa miaka mingi, na wasanii wetu, kama Bebe Cool na Necessary Noize walioungana chini ya jina la East African Bashment Crew, wamejenga kazi juu ya msingi huo wa Kijamaika. Leo prodyuza wa kwetu hutuma mdundo mmoja kwa waimbaji kumi kwa simu. Basi anayeutoa mdundo na aandikwe jina, anayeupiga na aandikwe, na makubaliano ya mgao yawekwe kwenye karatasi kabla wimbo haujatoka. Jammy hakuhitaji karatasi kushinda mpambano wa Waltham Park Road, lakini warithi wa Steely wanaihitaji leo.